Masizi ya Kinyago cha Raksha

Likizo ya Pasaka ya mwaka 1973, Khatib alirejea kitongoji cha Kiingereza cha Stechford kutoka shule ya bweni akiwa amefuzu utundu kwa daraja la kwanza, asiwe na wa kumwonesha ila shangazi yake, Bi Mwanamkasi.

Chumba cha juu alipanga Raksha, muuguzi wa Kinepali. Ukutani alitundika kinyago cha mti: meno matatu, uso mweusi tii kwa masizi ya jiko la kwao milimani. Ni uso wa mchekeshaji wa ngoma, anayewadhihaki wakubwa na kufukuza mikosi. Jumamosi ile kingechezwa ukumbini, mtaa wa Hockley, mbele ya Wanepali wenzake.

Alhamisi, Raksha akiwa kazini, Khatib alikiazima bila kuomba. Akakivaa, akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akanguruma.

Bi Mwanamkasi alimtazama tu. "Wee! Uchafu huo umeuokota jaa gani? Vua, ukakoshe uso!"

Khatib aliporudi na uso safi, kinyago kilikuwa ndani ya karai la sabuni, cheupe kama andazi bichi.

"Shangazi! Masizi ndiyo heshima yake! Raksha aliniambia: tangu enzi za babu yake wanakifukiza na kukipaka samli!"

Bi Mwanamkasi akakaa kitako. "Ya Rabi! Nimemkosha babu wa watu."

Kisha akainuka. "Umesema kufukiza? Na samli?"

Mwanamke wa Unguja haambiwi kufukiza mara mbili. Akawasha chetezo, akamwaga udi aliouweka kwa ajili ya Idi, kisha akakipaka samli. Hadi alasiri kinyago kilikuwa kimeiva rangi ya halua. Cheusi hakikuwa.

Raksha alipoingia, Khatib alisimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu. "Dada, nilikiiba mimi."

"Na niliyekikosha ni mimi," akadakia shangazi. "Usibebe dhambi zangu, unazo zako."

Raksha akakishika. Akakigeuza. Akakinusa.

"Kinanukia harusi," akasema, akaangua kicheko. "Masizi yatarudi, babu hakuyapata kwa siku moja. Lakini kijijini kwetu mchekeshaji huwa ni yule aliyewasumbua watu kupita wote. Mwaka huu hatuna haja ya kupiga kura."

Jumamosi Khatib akacheza, udi umemjaa puani, anapiga chafya kila hatua tatu. Wanepali wakadhani ndio mtindo wa Unguja, wakapiga makofi kila chafya.

"Cheza, mwizi wewe!" akapiga vigelegele Bi Mwanamkasi, mstari wa mbele.