Jambo la Wazi kwa Fundi Yeyote

Afedra alifika Koboko asubuhi, hasira imemkaa kooni kama mfupa. Begani alikuwa na gongo la kriketi alilolitengeneza mwenyewe kule Mvara, mjini Arua. Mfukoni, barua ya ofisi ya hataza, wanaosajili uvumbuzi. Ofisi ilikataa kumpa haki ya kuulinda mpini wake usiotikisa mikono, ikisema ni jambo la wazi kwa fundi yeyote. Shahidi wao? Mzee Obitre, seremala yule yule aliyemfundisha kushika randa. Zilibaki siku tano za kujibu, la sivyo ombi lingekufa.

Alimkuta Obitre karakanani, akamtupia miguuni mpini mtupu, kipande cha mpira wa tairi na ngozi ya mbuzi.

"Tengeneza!"

"Kijana, salamu iko wapi?"

"Salamu niliacha Arua. Uliandika hii iko kitu rahisi. Fanya, nione."

Camille, muuza mbao kutoka Kongo, aliacha kazi yake. "Mzee, huyu mutu iko na moto. Mpe maji!"

Obitre alicheka. Akauchana mpini kwa msumeno, akapachika mpira katikati. Kisha akafanya kama wanavyofanya mafundi wote wa huko wakifunga mpini wa shoka: akailowesha ngozi, akaizungusha, akaikaza kwa meno, akauanika mpini juani.

"Ikikauka, inabana. Hata babu yako alijua."

Afedra akakaa kwenye gogo, macho kwenye mpini.

Alasiri mpini ukalia: ta! Ngozi ilikuwa imesinyaa ikaubana mpira, mpira ukausukuma mti, mti ukapasuka mpaka chini.

Camille akapiga mluzi. "Babu yake naye alipasua?"

"Mti ulikuwa mbovu," Obitre akasema, bila kumtazama mtu.

"Mti iko mzuri!" Afedra akadakia. "Ngozi inafungwa kavu. Kavu! Nilivunja mipini kumi na tisa kabla ya kujua. Iko kwenye ukurasa wa pili wa ombi langu. Ulisoma?"

Obitre akajikuna shingo. "Nilisoma ule wa kwanza. Nikaona ngozi, nikaona mpira..."

"Ukaona wazi!" Afedra akamsogelea. Akamnyooshea karatasi na kalamu. "Andika ulivyofanya, na mpini ulivyokujibu. Yote, mwalimu, kwa mkono wako, ofisi isome kama iko wazi."

Obitre akautazama ule ufa. Akaketi, akaandika polepole, akatia sahihi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kavu, unaifungaje isiteleze?"

Afedra aliokota gongo lake. Aliikunja karatasi, akaondoka kutafuta gari la Arua kabla hasira haijampoa.