Taa Isiyokesha

"Nikizima yangu, na hiyo ya nje izime," mama alisema, na Miraji, aliyekuwa juu ya ngazi na testa ya kupimia stima mkononi, akanigeukia mimi kama anayetafuta mtu mzima wa nyumba ile.

Tulikuwa sebuleni kwa mama, mtaa wa Section 58 mjini, Jumamosi mchana, meni swichi imezimwa na kifuniko cha taa kimefunguliwa pale kwenye dari. Wezi walikuwa wameanza kuruka nyua za mtaa, nami wiki nzima huwa Salgaa kwenye hoteli yangu, ambako madereva wa malori hudai chai na mandazi kabla jua halijatoka. Mama alikuwa akilala peke yake. Nilitaka awe na taa kubwa nje, ya kuwaka usiku kucha mpaka mbwa wa mtaa wakose usingizi. Miraji ni fundi wa stima na nyumba yake imepakana na ya mama. Alikuwa ameamua kuichukulia taa hiyo ya nje moto kwenye taa ya sebuleni, ili asitoboetoboe kuta.

"Mathe, hapa kuna waya mbili za moto," alieleza kwa subira. "Hii iko na moto saa zote. Hii nayo inapitia kwa swichi. Taa ya security tunaunganga kwa hii ya kwanza."

"Unga kwa hiyo ya swichi."

"Mama, si itakuwa inazima ukilala!" nikamaka. "Sasa hiyo ni security gani?"

"Ya wezi, Mungu na kufuli vinatosha. Moto haukeshi bila mwenyewe."

Mama amelelewa Molo, kwenye baridi, ambako hakuna anayelala kabla ya kufunika makaa kwa majivu. Ukaidi wake nao nimeujua tangu nikiwa mgongoni. Miraji akaunga alivyoambiwa, na akafanya kazi safi: akaupitisha waya juu ya dari, akatoboa ukuta juu ya mlango, akaunga na ule wa ardhi, akaziba tundu mvua isipenye. Alipobonyeza swichi, sebule na ua vikawaka pamoja. Mama akazima, vyote vikazimika. Akawasha tena, akazima, akicheka. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijiambia, nikarudi Salgaa nimenuna.

Miezi ikapita. Alfajiri moja ya Julai, nikiwa nakaanga mandazi, simu ikalia. Alikuwa Mastura, mke wa Miraji.

"Jepkemei, kwanza mama yuko. Anapumua. Tuko naye hosi. Wewe kuja pole pole tu."

Nani angeweza kwenda pole pole? Nilimwachia Achola, msaidizi wangu hotelini, karai la mafuta yakichemka, nikatoka na aprini yangu.

Nilimkuta mama ametundikiwa dripu, na Mastura na Miraji kando yake, Mastura amevaa slipa za bafuni. Sukari ya mama ilikuwa imeshuka, akaanguka kando ya kitanda kabla hajaifikia swichi ya sebuleni. Daktari alisema wangekawia kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine. Miraji ndiye aliyeuvunja mlango.

"Mlijuaje?" niliuliza.

"Taa," Mastura akasema. "Kila siku nikiamka kuswali napata yake ishawaka, maana na yeye huamka kuomba saa hizo. Leo nimeswali nikamaliza, kwake bado giza. Nikaangalia kwetu, stima iko. Nikamwambia Miraji, twende." Akanishika mkono. "Mama yako alituambia siku ile ile, ukishaenda. Tukiona haijawaka asubuhi, tuje."

Nilimgeukia mama. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, lakini alikuwa anatusikia.

"Huku mjini hakuna moshi," akasema.

Basi nikakumbuka. Nikiwa mdogo kule Molo, mama alisimama mlangoni kila asubuhi kabla ya kukamua, akatazama ng'ambo ya shamba la viazi, kwa Wariara, mjane aliyeishi peke yake. Asipoona moshi, aliniita. "Kimbia kwa Wariara umwombe moto." Nami nilikwenda na kigae changu nikishangaa, maana jikoni kwetu moto ulikuwa unawaka vizuri na uji unatokota. Sikujua bado kwamba mtu mzima hagongewi mlango akaulizwa kama yu hai. Wariara alinipa makaa, akinituma salamu. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, akayaongeza kwenye moto wake.

Nililia pale hospitalini bila haya. Nilimshukuru Mungu, nikamkumbatia Mastura mpaka akaniambia namkunjia leso, nikamshika Miraji mikono yote miwili, na moyoni nikaushukuru hata ule waya wa swichi niliokuwa nimeupigia kelele.

Sasa ni mwaka wa pili, na mama yupo. Ananikemea nikizidisha chumvi kwenye mboga, nami nashukuru kukemewa. Mastura naye alimwambia mumewe awafungie taa ya nje vivyo hivyo, ikitoka kwenye taa ya jikoni.

Jumapili iliyopita nililala kwa mama. Nilipoamka kulikuwa hakujapambazuka. Sebuleni taa imewaka, ua wetu unang'aa, na mama amesimama dirishani, shali mabegani, akitazama ng'ambo ya ua. Kwa Mastura kulikuwa giza.

"Jepkemei," akasema bila kugeuka. "Enda kwa Mastura umwombe chumvi."

Mkebe wetu wa chumvi ulikuwa pale mezani, umejaa. Nilichukua kikombe nikaenda.