Picha Isigande

1

imeganda.

"Imeganda tena, Sista?"

"Imeganda. Uso wa Dokta umebaki vipande vipande. Punguza mwendo, Yona."

Nikapunguza. Mimi ni Yona Chidawali, naendesha gari la wagonjwa kati ya Manyoni na Dodoma. Nyuma alikuwa amelala Mwalimu Editha, mjamzito, anavuja damu. Sista Paskazia alikuwa amemwekea kipimo tumboni, na kule hospitali ya rufaa Dokta Faki alikuwa anaitazama picha ya kipimo hicho, inayotumwa kwa simu, ili amwelekeze Sista la kufanya.

Nikienda polepole, Dokta anaona. Nikikimbia, haoni.

Chagua.

Tulichagua picha. Mwalimu Editha alipona. Mtoto

2

TANGAZO KWA WATEJA WETU

Upepo Mawasiliano inapenda kuwajulisha wateja wote wa ukanda wa kati kwamba mtandao wake unafanya kazi kwa ubora wa hali ya juu. Mteja ambaye picha yake inakwama akiwa safarini anashauriwa kusimama mahali salama na kujaribu tena.

Ahsanteni kwa kuendelea kutuamini.

3

Kusimama.

Nililisoma tangazo hilo huku Sista Paskazia ameketi mbele yangu. Mimi ni Namnyaki Laizer, mhandisi wa mawimbi ya simu wa hiyo hiyo Upepo. Alikuwa amekuja na sare yake ya kazi. Hakupandisha sauti.

"Dada, minara ipo, naiona kwa macho yangu. Mbona inatukimbia?"

"Haiwakimbii, Sista. Nyinyi ndio mnaipita kabla haijawazoea."

"Basi ifundishe."

Akanywa maji, akashukuru, akaondoka.

4

Wewe unayesoma, nipe dakika moja. Si jambo gumu.

Simu na mnara vimekubaliana mapema juu ya maneno fulani. Sisi wahandisi tunayaita ishara rejea. Katikati ya picha, simu inatupia neno moja kati ya hayo. Mnara unajua neno lilivyotakiwa kusikika, na unasikia lilivyofika. Tofauti yake ni kazi ya njia: vilima, mabati, malori yanayopishana, na mwendo wa gari lenyewe. Mnara ukishaijua tofauti hiyo, unaiondoa kwenye picha yote, na picha inatakata.

Lakini gari likikimbia, njia inabadilika kabla neno jingine halijafika.

Mnara unasafisha picha ya leo kwa habari za jana.

5

(Yaliyosikika mlangoni kwa Mzee Mshana, mkuu wa idara ya ufundi.)

— Ongeza hayo maneno, basi. Yafuatane karibu karibu.

— Nikiwaongezea wote, bosi, yatakula nafasi ya data. Mji mzima utatupigia simu.

— Sasa unataka nini?

— Tusiwape wote. Mnara upime mwendo wa kila simu. Aliyekaa kibarazani kwake, machache yanamtosha. Anayekimbia apewe mengi. Na kati ya neno na neno, mnara usikae kungoja. Ukadirie njia inakoelekea.

— Ukikadiria vibaya?

— Neno linalofuata litausahihisha.

— Namnyaki. Umeshaona haya yakifanya kazi barabarani?

— Bado.

— Una uhakika?

— Ninao.

6

Tulitoka mchana, gari tupu, Yona kwenye usukani, mimi nyuma na kompyuta mapajani. Kwenye tambarare picha ilitulia tuli. Nikaanza kujipongeza. Tulipofika kwenye mteremko, Yona akaongeza kasi na

                  vi

      pa

                              nde.

"Mhandisi," Yona akaniita, "wewe huwa unaendesha gari?"

"Kidogo tu."

"Basi usukani niachie mimi, nipo hapa. Turudie mpaka uchoke."

Tulirudia. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na hasira kidogo, ile inayosaidia. Hatimaye nikaliona kosa: mnara ulingoja mpaka gari liwe limeshakimbia ndipo ukaze maneno yafuatane karibu. Ulikuwa unakimbizana nasi kwa nyuma. Nikaupanga upya, uanze kuyakaza pale tu gari linapoanza kuchanganya mwendo.

Mteremko tena. Kasi ile ile.

Kwenye skrini, mwenzangu aliyekuwa akitutazama kutoka ofisini alivihesabu vidole vyote vitano nilivyomnyoshea.

Yona akapiga honi barabara nzima ikiwa tupu.

7

KIBALI

Mipangilio mipya ya ishara rejea imeruhusiwa kwa majaribio katika minara ya barabara kuu. Wateja hawatahisi tofauti yoyote.

(Pembeni, kwa kalamu ya Mzee Mshana: *Kuna watakaohisi.*)

8

Sasa niacheni niseme mimi, Paskazia.

Fundi Jumbe Mkhandi alikuwa chini ya lori, jeki ikateleza. Tulipomchukua alikuwa bado anahema. Tulipoivuka Kintinku, midomo ilikuwa imebadilika rangi na hakuweza kutamka neno.

"Yona, usipunguze!"

"Sijapunguza, Sista!"

Dokta Faki alikuwa mbele yangu kwenye skrini. Niliona mpaka mkunjo wa paji lake. Nikapitisha kipimo kifuani.

"Hewa imevuja, imelibana pafu," akasema. "Chukua sindano ndefu. Sogea juu. Hapo sipo. Juu kidogo. Hapo. Usitetemeke."

"Sitetemeki, Dokta. Ni barabara."

"Basi ngoja lami itulie. Sasa!"

Nikachoma.

Fyuuu.

Nje miti ilikuwa inapita kama mistari. Picha haikugutuka hata mara moja. Nilimwona Dokta akifumba macho, kisha akafumbua.

Fundi Jumbe akavuta pumzi ndefu, ya pili, ya tatu. Akanishika mkono.

"Lile lori," akasema. "Mtu yeyote asiingie chini yake."

"Nimemsikia," Dokta akajibu kutoka Dodoma, kabla mimi sijafungua mdomo. "Nawapigia gereji sasa hivi. Sista, bado naona damu ndani. Chumba cha upasuaji kiko tayari, nami naenda kunawa. Mwambie dereva—"

"Tunakuja!" Yona akapaza sauti kutoka mbele, na mguu wake haukuondoka kwenye pedali ya mafuta.