Shimo la Wenye Mugongo

Mwaka mzima na miezi miwili Banza alikuwa analala chini juu ya mukeka, na kitanda chake kiko palepale pembeni, kimetandikwa, kinamuangalia.

Si kwamba alipenda. Kwao mutu akifiwa na muke anashuka chini, anakaa mukekani, analala mukekani, mpaka watu wa muke waje wamuvute wamuinue. Hapo kilio kimekwisha, anapanda kitanda kama watu wengine. Kujiinua mwenyewe hakuna, ni sawa na kujizika mwenyewe. Na upande wa marehemu Joëlle alibaki mutu mumoja tu mwenye miguu ya safari, ni mama yake, Mama Suzanne, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo.

"Asije kwangu bila karatasi," Banza alituma neno siku ya mazishi. "Nitamutafutia mimi mwenyewe lesepase, ile karatasi ya kuvuka mupaka."

Yeye aliingia nchi hii na mutumbwi mwaka wa 2017, akapitia Kenani, kambi ya wakimbizi, akapangwa mustari, akahesabiwa asubuhi, akahesabiwa jioni. Alijua nchi ya watu inaingiwa na karatasi. Mutu anaweza kusema hilo ndilo kosa lake. Lakini nani aliyeleta karatasi duniani? Si Banza.

Ofisi ya lesepase iko Kashikishi, juu kidogo ya pale mitumbwi inapofika. Dirisha lake linamufikia mutu kiunoni. Walioijenga walipima kwa mutu aliyekaa, maana wakubwa wanakaa. Mutu wa kusimama nje hakuna aliyemuwaza. Kwa hiyo kila Alhamisi, akisha kufunga magunia ya chisense, hivyo visamaki vidogo vya kukausha, Banza alikwenda kuinama pale, kichwa ndani, matako nje, jua likimupiga mugongoni.

"Hii picha haina masikio, mukwai," alisema karani, kijana Levy, kwa heshima yote.

"Mama amefunga kilemba."

"Basi kilemba ndicho kinavuka, ao mama?"

Alhamisi nyingine wakataka jina la babu wa Mama Suzanne. Alhamisi nyingine wino ulikwisha. Mugongo nao ukakwisha. Asubuhi Banza alianza kuamka kwa vituo vinne: ubavu, magoti, ukuta, matusi. Hayo matusi yalikuwa ya serikali.

Akaenda kwa Mama Rosaria, munganga wa kliniki.

"Ni wakubwa wamenivunja mugongo," Banza alisema hata kabla ya kukaa.

"Unalala wapi, Papa?"

"Mukekani. Chini ni sementi."

"Kazini unakaaje?"

"Kwa kiti kifupi, tangu asubuhi mpaka saa tisa. Nachagua samaki."

"Gunia unainua namna gani?"

Banza akainama kumuonyesha, akabaki vilevile. Mama Rosaria alizunguka meza akamunyoosha pole pole, kama mutu anayefungua kisu chenye kutu.

"Hiyo ndiyo inakuua," alisema. "Mukeka mwembamba juu ya sementi. Kukaa masaa bila kuamka. Kuinua muzigo na kiuno. Na hilo dirisha, sawa, hilo ni la wakubwa. Ile ingine yote ni yako."

"Uandike ya wakubwa peke yake."

"Sikia, Papa Banza. Amka kwa kiti kila mara, tembea kidogo. Usilale siku nzima eti unapumzisha mugongo, unakauka kabisa. Weka kitambaa cha maji moto. Gunia, kunja magoti, ulikumbatie karibu na kifua, usimame na miguu. Miguu ikifa ganzi, urudi mbio. Na upande kitanda. Kama kimebonyea, weka ubao chini ya matela, chini ya godoro."

"Kitanda siwezi. Mama mukwe hajaniinua."

"Basi umulete."

"Ndiyo naomba kwa dirisha!"

Mama Rosaria alivuta karatasi. Aliandika barua kwa ofisi: huyu baba asiiname tena dirishani, mumusaidie.

Serikali ikasaidia. Banza aliporudi Alhamisi ya tatu baada ya barua, alikuta wamechimba shimo chini ya dirisha, kina cha mapaja, pembe zake sawasawa kama za kaburi. Pembeni yake walisimamisha ubao muzuri wa rangi ya bluu, umeandikwa: HAPA NI PA WENYE MUGONGO. KARIBU.

"Barua ilisema usiiname," Levy alimuelezea. "Haikusema dirisha lipande. Kamati ilikaa mara tatu juu yako, mukwai."

"Mara tatu walikaa," Banza alisema. "Kukaa wanakujua."

Lakini mustari ulikuwa murefu nyuma yake, na Méschac, mubeba magunia mwenye mudomo mukubwa, alikuwa amekwisha kuanza: "Papa Banza! Tuimbe wimbo gani wakati unashuka?"

Banza akaruka ndani. Alipogusa chini mugongo ulilia kaa! na ukafunga. Ni kweli alikuwa amesimama wima, uso kwa uso na Levy kwa mara ya kwanza. Ila hakuweza kugeuka, wala kuinua muguu.

"Vizuri sana," Levy alisema. "Karatasi yote iko tayari. Inabaki kidole cha mama mwenyewe. Anapashwa kuja hapa akitie wino."

"Eko ng'ambo!"

"Avuke, atie kidole, nitamupa karatasi ya kuvuka."

Kisha Levy, kwa vile sheria inasema jina liitwe mara tatu, alipaaza sauti juu ya kichwa cha Banza: "Suzanne Mujinga! Suzanne Mujinga! Suzanne Mu..."

"Nani ananiita vile kama mwizi?"

Mustari mzima uligeuka. Pale njiani alisimama mama munene, na beseni la chupa za mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kichwani. Banza alijua ile sauti. Akafunika uso wake haraka na mikono miwili, maana mutu na mama wa muke wake hawaangaliani. Wakikutana njiani, mumoja anaingia majanini.

"Mama mukwe," alisema ndani ya mikono. "Umevuka lini?"

Mama Suzanne naye alikuwa amekwisha kugeuza mugongo. "Alhamisi zote navuka! Nauza mafuta hapa. Nikikuona, napita nyuma ya magunia, heshima."

"Mwaka mzima mi nalala chini!"

"Ulisema nisije kwako bila karatasi. Kwako nilikuja? Nilikuja sokoni."

 Wote wakacheka pamoja, na Levy akapiga meza kwa furaha: "Mama eko! Aingie shimoni atie kidole!"

"Shimo la nani? Niko na mugongo mimi?" Mama Suzanne alitua beseni, akafungua kikwembe chake cha juu, kitenge cha kujifunga, akatupa ncha moja nyuma bila kuangalia. "Shika, mukwe. Toka huko, watu wasiseme nimekuzika na wewe."

Banza akashika ncha, macho amefunga. Mama Suzanne alivuta kwa kiuno, ameinama kama anang'oa muhogo.

"Hapana, Mama! Kunja magoti! Uvute na miguu!"

"Unanifundisha?"

"Mugongo uwe wima! Karibu na kifua!"

"Kunja magoti, Mama!" mustari ukaitikia.

Alikunja, akashika kikwembe kifuani, akasimama na miguu yake yote miwili, na Banza akatoka shimoni kama jino, akaanguka tumbo juu ya nyasi. Méschac akamusimamisha.

"Sasa," Banza aliuliza akiangalia upande wa ziwa, na sauti yake haikuwa ya matusi, "ile ni kuinuliwa? Ao ninarudi mukekani?"

Mama Suzanne alijifunga kikwembe, polepole, akiangalia upande wa soko.

"Mukeka uko juu ya udongo," alisema. "Wewe nimekutoa ndani yake. Mutoto wangu hakudai kuzidi pale. Enda kwa kitanda chako."

Levy akatoa kichwa nje, na lesepase mukononi, imepigwa muhuri hata bila kidole. "Mama, karatasi! Inaanza Jumatatu."

"Jumatatu niko shambani," Mama Suzanne alijibu, akabeba beseni, akakunja magoti vizuri kabla ya kusimama.

Banza alikwenda nyumbani muchana uleule, akapanda kitanda. Kilibonyea mpaka karibu na sementi, upande wa Joëlle zaidi. Alikaa pale kidogo, mukono juu ya lile bonde. Kisha akashuka, kwa ubavu na kwa magoti, akarudi bandarini, kwenye lile shimo.

Mpaka leo ofisi inauliza nani alichukua ubao wao wa bluu. Watafute tu nyumba kwa nyumba, chini ya matela. Na wasisahau kuinama.