Shangwe za Upande wa Pili

Mimi ni fundi cherehani, na chumba changu kimepakana na cha mdogo wangu. Kila shemeji, mume wake, akirudi kutoka kazini, ukuta ulijaa shangwe za gemu ya binti yao. Ni kale kasichana ka kwenye kompyuta kanakoteleza kwenye barafu, kakiruka tu umati unashangilia. Nilikuwa nagonga ukuta, "Punguzeni, huo ni uwanja wa mpira?" Wakanipuuza, nami moyoni nikawaonea wivu kwa raha zao.

Leo shangwe zikakatika ghafla, nikasikia kilichokuwa chini yake: mkanda, na mdogo wangu akiomba asipigwe tumboni.

Nikausukuma mlango, pasi mkononi. Mdogo wangu alikuwa amejikunja sakafuni, damu zinamtoka puani. Binti alikuwa chini ya meza, anahangaika na waya wa spika uliochomoka.

"Mama mkubwa, ngoja nirudishe sauti," akasema. "Baba hataki watu wasikie."

Shemeji akageuka. "Haya ni mambo ya ndani, shemeji. Toka."

Pasi ilimpata kwenye taya, akaenda chini kama gunia. Akaanza kutambaa kuelekea mlangoni, anatema damu na meno, "Shemeji, yaishe, shemeji."

Nikainua pasi tena. Chini ya meza waya ukaingia mahali pake, na yule mtoto, bila kuambiwa na mtu, akapandisha sauti hadi mwisho.