Adabu ya Sajini Zahran

Sajini Zahran aliagizwa jambo moja tu: awatoe watu thelathini na saba wa kijiji kile cha korongoni kabla ya adhuhuri. Kimbunga kilikuwa kimeshaipiga pwani ya Oman, na maji ya milimani yangeshuka wakati wowote. Jeshi lilimpa malori mawili, kamba, na koplo wa Kibaluchi aitwaye Shahdad. Adabu alikuja nayo mwenyewe kutoka kwao, na hiyo ndiyo iliyotaka kuua watu.

Saa nne asubuhi Sheikh Ghusn, mkubwa wa kijiji, alimpokea kwenye sabla, pale wanaume wanapokaa na wageni. Wanaume wengine kumi na mmoja wakasimama, mikono ikapeanwa mmoja mmoja, kisha wote wakaketi na kunyamaza kama inavyopasa.

"Haya, mwanangu, lete habari," Sheikh alisema.

"Hakuna habari, sheikh. Heri tupu."

"Hakuna jipya huko utokako?"

"Hakuna, tunamshukuru Mungu. Na nyinyi?"

"Hatuna habari. Salama salimini."

Zahran alijisikia akiyasema hayo na hakuweza kujizuia. Tangu ana miaka minne alifundishwa kuwa ukiulizwa habari, hakuna habari, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Jambo lililokuleta utalisema baada ya tende na kahawa, tena kwa kuzunguka. Jeshi lilimpeleka kozi ya maafa ya wiki tatu, akawa wa kwanza katika somo la kutoa tahadhari. Cheti alikitundika sebuleni, kwenye fremu. Bahati mbaya ulimi wake haukuhudhuria kozi.

Zikaja tende, likaja tikiti, ikaja halwa. Kila alipokohoa ili aanze, mwenye dele la kahawa alimjazia kikombe. Alipokitikisa kukataa, Sheikh akaapa kwamba mgeni hatoki bila kula mbuzi. Mbuzi mwenyewe alisikika nyuma ya ukuta akilalamika, na Zahran akamwonea wivu, maana yule angalau alisema lililo moyoni.

Koplo Shahdad akachungulia mlangoni. "Afande, njoo kidogo."

"Nakuja. Usiwakatize watu mazungumzo."

"Afande, mazungumzo yenyewe ni ya ngamia."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wakimzungumzia ngamia wa Sheikh aliyeshika nafasi ya pili mashindanoni, na hadithi ilikuwa haijafika nusu.

Saa sita kasoro robo Zahran aliweka kikombe chini, akajikaza. "Sheikh, kuna jambo dogo. Wakubwa wetu wanasema, Mungu apishe mbali, huenda kukawa na mvua mvua."

Hakulifikia neno la kuhama. Sakafu ilitetemeka, na maji ya rangi ya udongo yakaingia uani yakibeba mitende mizima. Wote kumi na watatu wakakwea ngazi hadi juu ya dari ya sabla.

Ng'ambo, kwenye mwinuko, malori mawili yalisimama yamejaa wanawake na watoto. Zahran akashika redio.

"Shahdad, umewatoaje?"

"Bi Zuwaina, mke wa Sheikh, aliniuliza tumefuata nini. Nikamwambia maji yanakuja, pandeni. Wakapanda. Dakika ishirini, afande, pamoja na kuku wao. Nikaja kukwambia, ukasema nisikatize watu."

Masikio ya Zahran yaliwaka kwa aibu. "Sheikh, nisamehe. Nilikuja kuwaonya."

"Tunajua, mwanangu. Redio inasema tangu jana. Alfajiri maji ya mfereji yametoka mekundu, dalili ya mafuriko."

"Sasa mbona hamkuhama?"

"Tumeambiwa mgeni yuko njiani na maneno yake, sisi tumtangulie? Akute kijiji kitupu?" Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja, Saif, akasema yeye alitaka kudokeza, ila ndiyo kwanza likaja tikiti.

Zahran akacheka, maana hakuwa na lingine. Kisha akaacha, kwa sababu ukuta wa chini ulianza kumeguka. Aliogopa kikweli. Watu kumi na wawili wangekufa, na kosa lao lilikuwa kumkaribisha yeye.

Helikopta ya jeshi ilifika saa saba, ikateremsha kamba yenye mkanda wa mtu mmoja. Zahran akampelekea Sheikh.

"Hapana, mgeni kwanza."

"Wewe ndiye mkubwa, sheikh."

"Basi aanze Saif, ana kisukari."

"Mimi nimtangulie sheikh? Astaghfirullahi," Saif akasema, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima, mpaka kwenye kona.

Kona ikaporomoka. Zahran alimdaka kwa kanzu, akamvuta, wakaanguka pamoja. Alipoinuka alimgeukia Sheikh, mzee wa miaka themanini, mwenye ndevu kama za marehemu baba yake.

"Nyamaza. Inua mikono."

Akamfunga mkanda kama anayefunga gunia la tende, akampungia rubani mkono amvute. Hakuna aliyebishana tena. Alimsukuma Saif, akawasukuma wengine wote, wazee kwa vijana, na yeye akapanda wa mwisho. Dari ilikwenda na maji miguu yake ikiwa bado inaning'inia.

Kule mwinukoni alimkuta Sheikh amejifunika blanketi la jeshi, kilemba kinachuruzika maji. Zahran akapiga magoti ambusu kichwa, machozi yakimlenga, akingoja kulaaniwa.



"Ukali huo," Sheikh akasema, "saa nne uliuweka wapi?"