Baba wa Nkambo Nicolas

Itangazwe katika mitaa yote ya Likasi, kuanzia Kikula hadi Kamatanda, mbele ya wakubwa wa serikali, mapadri, wachimbaji, wauza makaa na kuku wao, kwamba baada ya miaka themanini ya giza, familia ya mzee Nicolas imempata baba wa ukoo wake: mtu mwenye heshima, mwindaji wa viboko, jina lake Lwamba Kyembe wa kijiji cha Koni.

Alipatikana makaburini, siku ya Alhamisi, na msichana aliyekuwa anakimbilia gari la kwenda kula samaki.

Msichana huyo ni Carine, mwenye miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni huko Mulungwishi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kubwa. Ndiye aliyewahi kubandika ukutani tangazo lenye muhuri uliochongwa kwa kiazi, likiwaamuru wazazi wote walete mbuzi siku ya matokeo. Wazazi wawili walileta. Kwa kipaji hicho cha kuandika, familia nzima ilikubaliana kwamba yeye ndiye afaaye kutafuta mababu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Dada yake, Angèle, alikuwa anachumbiwa na Firmin, fundi wa umeme, na kabla ya jambo lolote kuendelea, pande mbili zilitakiwa kukaa pamoja na kutaja wazee wao, kizazi kwa kizazi, ili ijulikane kama damu zao hazijakutana mahali. Zikikutana, hakuna ndoa. Upande wa mama, orodha ilikuwa ndefu kama litania. Upande wa baba, ilifika kwa babu yao, Nkambo Nicolas, ikakatika. Wazazi wa mzee huyo walikufa msimu mmoja, yeye akiwa na miaka miwili. Jirani, dereva wa treni za mgodi, akamchukua, akampa jina lake, akamlea vizuri, kisha naye akafa bila kusema neno. Nkambo alizeeka bila kujua hata jina la baba aliyemzaa.

Carine alianza kwa bidii, lazima tumtendee haki. Jumatatu alikwenda ofisi ya parokia, akamkuta sekretere, Bwana Bertin, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Kitabu ya ubatizo ya ile miaka iliisha," Bertin alimwambia. "Muchwa. Walikula tangu jalada mupaka jalada. Lakini nkambo yako alioaka mu kanisa?"

"Ndiyo, hapa hapa."

"Basi. Muntu kama anaoa, padri anaandika kopi ya ubatizo yake, anaweka mu dosie ya ndoa bila kumusomea. Zile dosie ziko mu kabati ya chuma, muchwa hawakuweza. Rudi Alhamisi, nitakuwa nimeitafuta."

Alhamisi ilifika. Ilifika pia habari kutoka kwa Fidélie, rafiki yake, kwamba kuna gari la binamu linakwenda ziwa Tshangalele, na kuna nafasi mbili, na kuna samaki. Carine alipima mambo haya mawili, faili lenye vumbi na samaki wa kukaanga, kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Akakata njia katikati ya makaburi ili awahi gari. Humo akaona msalaba wa saruji uliopakwa chokaa: LWAMBA KYEMBE, KONI, 1946. Mwaka ulifaa. Nkambo alikuwa na miaka miwili. Marehemu alionekana hana kazi, na Carine akaona ni haki kumpa moja.

Jioni, midomo yake bado ikinuka mafuta ya samaki, alimsomea Nkambo jina hilo. Alisema jina amelikuta katika kitabu cha ubatizo. Viboko aliwaongeza palepale, kwa sababu jina peke yake lilisikika kavu.

Nkambo alivua kofia. "Rudilia."

"Lwamba Kyembe. Wa Koni."

"Rudilia tena, mutoto yangu."

Alilirudia mara tatu. Asubuhi yake alimsikia mzee nyuma ya pazia, katika sala, akilitaja polepole kama mtu anayetembea gizani na kugusa kuta: baba yangu Lwamba, baba yangu Lwamba. Carine akaondoka penye pazia, akaenda jikoni. Akanywa maji.

Majuma matano baadaye, siku ya Jumapili, familia ya Firmin ilikuja Kikula. Msemaji wao alikuwa shangazi yake, Tantine Clotilde, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Viti viliazimwa kwa jirani. Kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayeanza kutaja, na Carine, kwa heshima ya utafiti wake, alipewa karatasi asome.

Alisoma kama anahutubia bunge. Akafika mwisho: "...na Nkambo Nicolas, mwana wa Lwamba Kyembe, wa Koni, mwindaji mashuhuri, aliyefariki 1946."

Tantine Clotilde aliweka glasi chini. "Ule jina, rudilia."

Safari hii Carine hakupenda kulirudia. Alilirudia.

"Lwamba Kyembe, ule wa 1946? Wa ile musalaba ya chokaa?" Tantine alisimama. "Ule njo nkambo yangu! Njo alizaa tatu, baba yangu! Shiye njo tunapakaka ile chokaa kila mwezi wa kumi na moja!"

Akapiga kigelegele. Nkambo Nicolas naye akasimama, kwa shida, fimbo ikaanguka, akafungua mikono yote miwili. "Basi weye ni mutoto wa ndugu yangu," alisema. "Minye niko na bantu. Mungu wangu, niko na bantu!" Wakakumbatiana. Watu wakapiga makofi.

Makofi yalianza kupungua upande wa Firmin. Yeye hakuwa amepiga. Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, na alipomaliza alimtazama Angèle. Kigelegele cha Tantine kikakatika katikati, kwani naye alikuwa amehesabu.

"Eh," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Basi hawa batoto ni ba nyumba moja."

Nje, gari lilipita na muziki wake, likaenda.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema kweli. Carine, ambaye kila mtu alisema ana akili, alifungua mdomo akasema: "Labda ni Lwamba Kyembe mwingine."

"Mwingine gani? Mwaka moja, jina moja, Koni moja?" Tantine alitikisa kichwa, na macho yake yakang'aa kama ya mtu anayekumbuka. "Na unajua nini? Bakubwa walisemaka alikuwa na bibi mwengine huku mujini. Walikuwa banaficha. Kumbe ni kweli. Njo huyu mutoto wake!"

Carine alitazama karatasi yake. Uongo wake ulikuwa umeingia mlangoni bila mama, na sasa umepatiwa mama, na watu wazima ndio walioupa. Katika maisha yake yote ya utani hakuwahi kuona uongo ukijiongeza wenyewe hivyo, bila yeye kuusaidia.

Wageni waliondoka bila kugusa bukari, ugali wa heshima waliopikiwa. Angèle alikusanya sahani moja moja, akazipeleka uani, akapanga vizuri kuliko ilivyohitajika. Carine alimfuata.

"Carine."

"Ya Angèle," aliitika Carine, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Minye niko na miaka makumi mbili na saba. Firmin alingojaka minye miaka ine, nimalize masomo. Ine." Hakugeuka. "Niambie tu. Ile jina, uliiona na macho yako?"

"Niliiona na macho yangu," alisema Carine. Ilikuwa kweli, neno kwa neno, na hakuwahi kusema kitu kichafu zaidi.

Angèle aliinama juu ya beseni. Mabega yake yalitikisika, lakini sauti haikutoka, kwa sababu chumbani Nkambo alikuwa anaimba.

Jumatatu asubuhi Firmin alikuwa mlangoni, na shangazi yake nyuma. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Sitaacha Angèle kwa sababu ya karatasi," alisema. "Nataka kuona kitabu. Carine, ni ukurasa ya ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili," alisema Carine, haraka mno.

"Vizuri. Twende."

"Jumatatu ofisi inafungwaka," alisema Carine. "Tena Bwana Bertin anaumwa. Tena nasikia..."

"Tutagonga," alisema Tantine Clotilde. "Minye pia nataka kopi, ya familia."

"Nami ninakwenda," alisema Nkambo.

Alitoka chumbani amevaa koti la ndoa yake na tai. Miguu yake haikuwa imevuka barabara tangu Pasaka. Mama yao alijaribu kumzuia, akamwambia jua litakuwa kali.

"Mama, minye nakwenda kuona jina ya tatu yangu imeandikwa," mzee alijibu. "Nitakwenda na sandale?"

Wakaenda taratibu, mzee kati ya Firmin na Angèle, ambao hawakutazamana. Carine alitangulia. Kila kona alikuwa na mpango: kuzimia, kukimbia, kufika kwanza na kumpigia Bertin magoti. Alipojaribu kuongeza mwendo, Nkambo aliita nyuma yake, "Ningoje, mutoto yangu, weye njo unajua njia," naye akangoja.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Bertin aliinua miwani, akamwona Carine, akatabasamu.

"Ah, mademoiselle! Ile Alhamisi nilikungojaka mupaka saa kumi!"

Firmin aligeuza kichwa. "Alhamisi gani?"

"Tumekuja kuona kitabu ya ubatizo," Tantine alisema kwa sauti yake ya kwaya. "Ukurasa mia moja na kumi na mbili."

"Kitabu gani? Ile ililiwa na muchwa, mama. Haina ukurasa hata moja. Nilimuambiaka huyu mutoto." Bertin alikuwa tayari ameinuka, akinyoosha mkono juu ya kabati ya chuma. "Lakini dosie ya muzee iko hapa, juu, tangu ile siku. Nilifunga na kamba. Ni weye muzee Nicolas? Karibu, kaa."

Alipuliza vumbi na kufungua kamba. Ndani mlikuwa na karatasi tatu, na ya katikati ilikuwa nyembamba, ya manjano, yenye maandishi ya mkono yaliyolala upande. Bertin aliisogeza dirishani, akatafsiri kutoka Kifaransa, kidole kikifuata mstari.

"Nicolas. Alibatizwa mwaka 1944. Tatu yake: Mulenga, mupishi wa kambi. Mama yake: Chilufya. Wote wa Kawambwa, Rhodesia ya Kaskazini."

Bertin alivua miwani, akaiweka mezani.

"Kawambwa?" alisema Tantine Clotilde. "Kule Zambia? Shiye hatuna muntu kule. Hata moja."

Angèle alishika ukingo wa meza. Firmin akasogea karibu naye. Aliweka tu mkono wake juu ya mkono wa Angèle na kuuacha hapo, mbele ya watu wote.

Nkambo alikuwa bado ameinua uso kuelekea karatasi. "Mulenga," alisema. Alilipima neno mdomoni. "Na mama... ni nani?"

"Chilufya, muzee."

"Walimuandika naye." Mzee alipangusa macho kwa ncha ya tai. Kisha, polepole, akageuka kwenye kiti, akamtafuta Carine, aliyekuwa amesimama karibu kabisa na mlango. "Iliandikwa hapa tangu lini, mutoto yangu? Na ule Lwamba ninamuombea kila asubuhi, ule ni nani?"

Kichwani Carine alikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa mazuri. Kitabu kingine, cha parokia nyingine. Kosa la padri wa zamani. Mwanafunzi mwenzake aliyemdanganya, ambaye kwa bahati amehamia Kolwezi. Alifungua mdomo kuchagua. Tantine Clotilde alikuwa amekunja mikono. Angèle alikuwa anamtazama, bila hasira bado, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo.

Majibu yote matatu yakakauka.

"Simujui, Nkambo," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, isiyo na mapambo, na yeye mwenyewe hakuitambua. "Hakuna ukurasa. Sikuona kitabu. Ile Alhamisi sikuja hapa, nilikwenda Tshangalele kula samaki na Fidélie. Jina niliitoa ku musalaba, mu makaburi. Viboko nilitunga. Yote nilitunga ni minye."

"Na jana?" aliuliza Angèle.

Carine alitazama sakafu ya saruji. Hakukuwa na msaada huko.

"Jana pia nilikuwa najua, Ya Angèle. Ulilia ku beseni, na nilikuwa nasimama nyuma yako, najua."